Jirani Kwenye Mizani

Ratili halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, lakini alikuwa ameitwa hivyo miaka mingi hata ukimwita kwa jina lake halisi alikuwa anageuka kutazama nyuma, kuona ni nani huyo anayeitwa. Alikuwa fundi wa mizani. Mizani ya muuza nyama ikianza kupendelea upande, mizani ya duka la dawa ikigoma, mizani ya zahanati inayopimia watoto wachanga ikisema uongo, zote zililetwa kwake, kwenye chumba chembamba nyuma ya stoo ya mbao. Kilikuwa na dirisha moja, benchi moja na rafu tatu zilizopinda kwa uzito wa chuma.

Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na ulimi wake, Mungu amsamehe, ulikuwa mkali kuliko msumeno wa majirani zake wa stoo. Ukimpelekea mizani, alikuwa anageuza sahani juu chini kwanza ndipo aitikie salamu. Huko chini ndiko wajanja wanakobandika vitu vyao: nta, kokoto, kipande cha madini ya risasi kilichokandamizwa kwa gundi. Akikuta kitu alikibandua, akakitumbukiza kwenye kopo la maziwa lililokaa kwenye rafu, akamwambia mwenye mizani, "Huyu mtoto wako nimemlaza huku. Ukimtaka, njoo na askari." Kopo lilikuwa limefika nusu. Hakuna aliyewahi kurudi na askari.

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na aliipenda kuliko chakula. Mtu asiyesoma sana, asiye na cheo, lakini sokoni wakibishana walikuwa wanasema, twende kwa Ratili.

Na sifa hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye karata.

Nyuma ya duka la vitabu na daftari, katika chumba kilichojaa maboksi ya karatasi, watu kama ishirini hivi walikuwa wanakutana kila Jumamosi mchana kucheza mchezo wao wa kadi. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Kwenye mchezo huo kila mtu ni bwana wa moto wake. Unaanza na pumzi ishirini, na zikiisha umekufa. Kila zamu unaweka ukuni mmoja, na kwa kuni ulizo nazo unatoa kadi za mwito, unaita viumbe: simba wa mawe, nyoka wenye mbawa, majitu ya ukungu. Kila kiumbe ana idadi ya meno, ndiyo nguvu ya kuuma, na idadi ya ngozi, ndiyo nguvu ya kuvumilia. Viumbe wako wanasimama mlangoni pako. Kila mmoja anamzuia adui mmoja, na adui asiyezuiliwa anakula pumzi zako. Kadi zenyewe zilitengenezwa palepale. Mwenye Duka, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kikohozi, alizichapa kwa mashine yake, akazifunga kwenye pakiti, watu wakazigombania na kubadilishana kama wehu.

Mara mbili kwa mwaka kila mtu aliruhusiwa kubuni kadi moja mpya. Unaitia kwenye bahasha bila jina, unaitumbukiza kwenye sanduku la kaunta. Mwanzoni zilipita zote. Ndipo mjanja mmoja akabuni joka la meno tisa linaloitwa kwa ukuni mmoja tu, na kwa miezi mitatu kila mtu akawa anaita joka, na watu wakaanza kununiana mpaka sokoni. Mchezo ukawa unakufa. Mwenye Duka akasema, basi, tutafute mtu asiyependelea, na kila jicho likamgeukia Ratili, aliyekuwa amekuja kurekebisha mizani ya posta iliyokuwa kwenye kaunta.

Alizipima kwelikweli. Alikuja na mizani yake ya sahani mbili na vijiwe vyake vya shaba. Sahani ya kushoto aliweka gharama: gramu kumi kwa kila ukuni. Sahani ya kulia aliweka unachopata: gramu tano kwa kila jino, tano kwa kila ngozi, na kidogo kwa kila hila ya ziada. Kadi ikisema "kama", kwa maana kwamba faida yake inategemea jambo fulani kutokea, Ratili alihesabu nusu, kwa sababu jambo linaweza kutokea na linaweza lisitokee. Sahani zikilingana, kadi imepita. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, yaani unalipa kingi unapata kidogo, au nzito kama lile joka, aliichana vipande viwili mbele ya wote na kutoa maneno mawili matatu ya kuisindikiza. Watu walikuja kwa ajili ya maneno hayo.

Kabla ya kutamka hukumu aliuliza kila mara, "Yupo anayetaka sahani igeuzwe?" Wote wakaitikia kwa pamoja, "Iache ilale!" Miaka kumi na moja hakuna aliyegeuza sahani ya Ratili. Ungegeuza ya nini?

Sasa, mkewe.

Walimwita Mama Shuka, kwa sababu alikuwa fundi cherehani wa hospitali, mwenye kazi ya kuziba shuka zilizochanika. Jumamosi alimfuata mumewe na kikapu cha ushonaji na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi refu la ukutani ambalo wachezaji waliliita benchi la majivu. Hapo ndipo walipokuja kukaa walioishiwa pumzi, wakingoja wenzao wamalize. Mama Shuka aliwamiminia chai na kuwasikiliza. Hakucheza. Watu walidhani hajui hata kushika kadi, na mumewe naye alidhani hivyohivyo, jambo ambalo ni aibu zaidi, maana yeye alikuwa analala naye nyumba moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa imenyamaza. Binti zao wawili walikuwa wameolewa na kupata kazi miji ya mbali, wakawa wanapiga simu kila Jumapili. Tangu yule mdogo aondoke, Ratili alikuwa anarudi na mizani za watu nyumbani, anazitengeneza mezani, sahani ya wali upande mmoja na sahani ya mizani upande mwingine. Mkewe akisema neno, yeye alijibu "mm". Alikuwa na "mm" za aina tatu: ya nimesikia, ya sijasikia, na ya ningojee kidogo. Mama Shuka alizijua zote. Ile ya tatu ndiyo iliyomchosha, kwa sababu alikuwa amengoja kweli.

Msimu huo bahasha zilikuwa saba. Ratili alizifungua Jumapili sebuleni, mkewe akiwa anapiga pasi karibu na dirisha. Ya tano ilikuwa na mwito ulioandikwa kwa mkono uliotulia:

Mwito wa Jirani. Kuni tatu. Ita kiumbe mmoja, jino moja, ngozi moja. Kama mlangoni pako hakuna kiumbe yeyote, aje na mwenzake, na wote wawili wasidhurike mpaka zamu yako irudi.

Juu yake palikuwa na mchoro wa mtu amebeba kiti, anabisha hodi.

Ratili alipanga vijiwe. Kushoto gramu thelathini. Kulia, jirani mmoja gramu kumi, mwenzake wa "kama" tano, kutodhurika kwa "kama" tatu. Kumi na nane. Sahani ya kulia ikapaa juu kama mtu aliyeitwa ghafla.

"Zipo za maana msimu huu?" mkewe akauliza, bila kuinua macho kwenye pasi.

"Zipo zipo. Ila kuna moja hapa, loo! Mwito wa Jirani. Kuni tatu nzima, unaletewa mtu na kiti chake."

Pasi ilisimama. "Mbaya?"

"Nyepesi kama pamba. Aliyeibuni hii hajawahi kucheza, mke wangu. Ni mtu wa kutazama tu, anadhani mchezo ni kutembeleana."

"Aha," akasema Mama Shuka. Pasi ikaendelea.

Ratili akairudisha kadi usoni ili aiandalie maneno ya kuchania. Ndipo akaona ukingo wake. Haukuchorwa kwa mstari mmoja, ulichorwa kwa vistari vifupi vifupi, sawasawa kama mshono wa kupitisha. Akainua macho. Kwenye kiti kilichokuwa kando ya mkewe palikuwa na shuka ya kazini, na juu yake, mahali pa kuwekwa kiraka, palikuwa na vistari vilevile vya chaki, vifupi vifupi, vya mkono uleule.

Kadi ilikuwa ya mkewe. Alitaka kusema kitu, lakini aseme nini? Desturi ilikataza mpimaji kujua mwenye kadi, na tayari maneno yalikuwa yametoka, na neno likitoka ni kama mshale, halirudi. Mkewe alikunja gauni, akaweka juu ya mengine, akachukua lingine. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Ratili alikisikia kimya hicho wiki nzima.

Akajitetea moyoni kila namna. Akapima Jumatatu tena, akapata kumi na nane. Jumanne akasafisha mizani kwa spiriti, kumi na nane. Jumatano akajiambia, kile kiti nacho si kitu? Akakipa gramu moja. Kumi na tisa, na bado alikuwa anajionea haya, mtu mzima na mvi zake kukipa kiti cha kuchorwa uzito. Jioni hiyo mkewe aliweka chakula mezani na yeye akasogeza mizani zote pembeni, akakaa, akamtazama. "Habari za kazini?" akauliza.

Mama Shuka akamwangalia kwa mshangao. "Unaumwa?"

"Mm-mm."

"Nzuri," akasema, na kula.

Ratili alijua hali ilivyo. Jumamosi, mbele ya watu ishirini, ataichana kadi ya mkewe kwa mikono yake, kadi pekee ambayo mkewe amewahi kuileta katika miaka kumi na moja. Au ataipitisha, na heshima yake yote, kopo la maziwa na kila kilichomo, itakuwa bure. Njia ya tatu hakuiona. Alikuwa amempenda mwanamke huyu tangu akiwa msichana wa kupima vitambaa dukani kwa dhiraa ya chuma, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwambia.

Ijumaa alasiri, alipofunga kazi, alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu. Kisha akateremsha kopo la maziwa, akachagua ndani yake kipande cha risasi cha gramu kumi na mbili. Alikikumbuka: kilikuwa cha muuza samaki. Akakiviringisha kwenye nta, akakitia mfukoni. Akatazama mlangoni kama mwizi, na mwizi hasa ndivyo alivyokuwa.

Jumamosi chumba kilijaa. Kinyozi, ambaye hakuwahi kushinda mchezo hata mmoja katika miaka minne na bado alikuja wa kwanza kila wiki, alikuwa ameshika kona yake. Mwalimu wa jiografia, ambaye alishinda karibu kila mara, alikuwa anachanganya kadi zake kwa mbwembwe. Mama Shuka alikaa benchi la majivu, sindano mkononi, kati ya walioishiwa pumzi kwenye michezo ya kwanza.

Kadi nne za kwanza zilikwenda kama kawaida. Mbili zilipita, mbili zikachanwa. Ya jitu la matope Ratili alisema, "Kiumbe huyu ni kama mkwe mvivu, anakula kuni tano hafanyi kitu," watu wakacheka mpaka Mwenye Duka akashika mbavu. Lakini kicheko chake mwenyewe hakikufika popote. Wakati wa kufuta sahani ya kulia kwa kitambaa, kama alivyofanya kati ya kadi na kadi, kidole gumba kilifanya kazi yake chini yake. Ilikuwa kazi safi. Ameigundua mara mia kwa watu wengine, angeshindwaje kuifanya?

"Mwito wa Jirani," akasoma. Akaweka vijiwe kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. Watu wakashika pumzi, maana hata mtoto angeona hesabu ni ya mashaka. Sahani zikayumba, zikatulia. Sawasawa.

"Loo!" akasema Mwalimu. "Kwa jino moja?"

"Mizani haina jicho la huruma," akasema Ratili. Kisha kwa mazoea, kwa mazoea tu, mdomo ukajiendea wenyewe: "Yupo anayetaka sahani igeuzwe?"

"Iache ila..." wakaanza wote.

"Nataka mimi."

Sauti ilitoka ukutani. Mama Shuka alikuwa amechomeka sindano kwenye shuka na kusimama.

Watu wakacheka wakidhani ni utani wa mke na mume. Hakucheka. Alipita kati ya meza, akafika, akatoa vijiwe kwenye sahani ya kulia kwa utaratibu, akavipanga, akaigeuza sahani. Kipande cha risasi kilikuwa kimekaa hapo kwenye nta yake, kama kupe.

Ratili alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na moja, na ile thelathini ya sokoni, yote ilikuwa imelala chini ya sahani hiyo, na Kinyozi alikuwa ameinamisha macho kwa adabu, jambo lililomuuma kuliko matusi.

"Tangu Jumatano unaniuliza habari za kazini," akasema Mama Shuka. "Na leo umefuta sahani mara mbili. Wewe huwa unafuta mara moja. Sikukuletea uionee huruma, baba watoto. Nilikuletea uipime."

"Ni yako?" akauliza Mwenye Duka.

"Ni yangu. Na kama ni nyepesi aseme nyepesi, aichane, nirudi kwenye shuka zangu. Mimi si wa kuhongwa kwa risasi ya kwenye kopo lako."

Ratili akabandua kile kipande, akakiweka mezani mbele ya watu wote. Akarudisha vijiwe. Sahani ya kulia ikapaa. Akajikaza kisabuni, akasema, "Nyepesi. Gramu kumi na mbili." Hiyo ilikuwa kweli, na alishangaa kwamba kuisema kulimpa nafuu. Akaishika kadi kwa vidole viwili, lakini vidole havikuchana.

"Umeipima kwa nani?" mkewe akauliza.

"Kwa mchezaji. Kwa mtu yeyote."

"Mtu gani? Ana nini mlangoni?"

Ratili akafikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Ana viumbe wake wawili watatu. Mwenzake pia. Mchezo uko katikati, mambo sawa kwa sawa."

"Basi njoo ukae huku," akasema Mama Shuka, akamvutia kiti cha Kinyozi.

Kumbe alijua kadi zote. Alizipanga mezani haraka haraka kama apangavyo foronya. Kwa Mwalimu akaweka viumbe watatu, meno matatu kila mmoja. Kwa mumewe akaweka kuni tatu, pumzi saba, na mlango mtupu. "Hivi ndivyo Kinyozi anavyokuwa kila Jumamosi kufika saa tisa," akasema. "Nimekaa nao miaka kumi na moja. Maji yakizidi unga, wanakaa mikono mapajani wanangoja kumalizwa, wala hawaruhusiwi kuinuka. Wewe hujui, kwa sababu saa hiyo wewe uko kule umeinamia mizani za watu. Cheza kwanza na mwito wowote uliowahi kuupitisha wa kuni tatu. Chagua mzuri."

Alichagua simba wa mawe, meno matatu, ngozi tatu, gramu thelathini kwa thelathini, kadi aliyoisifia mwenyewe. Mwalimu akashambulia. Simba akamzuia mmoja, wakafa wote wawili. Wawili wakapita. Pumzi ikabaki moja. Shambulio la pili, mwisho. Hata chai haikupoa.

"Sasa yangu," akasema mkewe.

Wakapanga upya, kadi zilezile. Ratili akaweka mezani yule mtu na kiti chake. Mlango ulikuwa mtupu, kwa hiyo akaja na mwenzake. Mwalimu akashambulia. Majirani wawili wakazuia wawili, wasidhurike. Mmoja tu akapita, pumzi zikabaki nne. Zamu ikarudi kwa Ratili na majirani bado wamesimama pale, na akavuta kadi mpya, akaita kiumbe, na sasa mlangoni walikuwa watatu. Mwalimu akaacha mbwembwe, akafikiri, akaita kiumbe wa nne, wa meno matatu. Shambulio la pili majirani walikufa, adui mmoja akapita, pumzi ikabaki moja. Ratili akavuta kadi nyingine. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Haikuwa kadi ya kuokoa. Shambulio la tatu likammaliza.

"Umeshindwa vilevile," akasema Mwalimu, si kwa ubaya.

"Nimeshindwa," akasema Ratili. "Lakini nilivuta kadi moja zaidi." Akavua miwani. "Nilipoivuta, nilidhani... nilidhani labda."

"Hiyo labda ndiyo mimi naifuata hapa kila wiki," akasema Kinyozi kutoka nyuma. "Zamu moja, bwana Ratili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Wewe 'kama' unaihesabu nusu," Mama Shuka akamwambia mumewe, taratibu sasa, kama wako wawili tu. "Yule aliyebaki peke yake hana kama. Ameshabaki. Kwake ni gramu zote."

Ratili akashika kijiwe cha gramu tano akakigeuzageuza. Si kwamba mizani ilikosea. Mizani haikosei, ndiyo shida yake. Alikuwa ameiuliza swali la mtu mwenye viumbe mlangoni miaka yote hiyo, na alikuwa amechana kadi ngapi? Akaona haya mara ya pili siku hiyo, na haya hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya risasi. Ile ya risasi ilimhusu yeye na jina lake tu. Hii ilikuwa na uso wa mkewe, aliyekuwa amesimama mbele yake ameshika mgongo wa kiti.

"Mimi leo sina haki ya kuhukumu," akawaambia watu. "Mlivyoona ndivyo. Nilibandika, na nilibandika kwa sababu nilijua ni ya nani. Kwa hiyo hii waipime wa benchi la majivu, walioishiwa pumzi leo. Ni wangapi?"

Walikuwa sita. Mikono sita ikainuka kusema ipite. Mwenye Duka akaichukua kadi kwenda kuichapa, akikohoa kile kicheko chake. Mizani, wakakubaliana, ibaki kwa Ratili, lakini kuanzia siku hiyo sahani itageuzwa kila kadi, hata akipima malaika. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka hilo. Kile kipande cha risasi kikapigiliwa ukutani juu ya mizani, na Mwalimu akaandika chini yake tarehe tu, bila maneno, kwa huruma.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba kikapu cha mkewe, jambo ambalo majirani wa kweli waliliona wakagutuka. Walipofika kwenye kona ya kiwanda cha sabuni Ratili akasema, "Nilisema aliyeibuni hajawahi kucheza."

"Nilikusikia."

"Ulijifunza lini?"

"Mwaka wa pili. Ulikuwa unacheza peke yako mezani unajaribu kadi, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Nilikuwa nangoja uniambie nishike mkono mmoja."

Ratili akahamishia kikapu mkono wa pili. Alikuwa na maneno ya kila mtu sokoni, na kwa huyu hakuwa na hata moja. Mwisho akasema lililokuwepo. "Mlango wako ulikuwa mtupu, mama. Na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo ndani. Nisamehe."

Mama Shuka akatangulia mlangoni. Akafungua mlango, akaweka kikapu, akaenda kuosha mikono. Mezani palikuwa na mizani mbili za watu, moja imefunguliwa matumbo nje. Ratili akazibeba zote, akaziweka chini karibu na mlango, akafuta meza kwa kitambaa. Akafuta mara moja. Kisha akatoa kadi zake kwenye kisanduku, akazigawa mafungu mawili, akavuta viti viwili.

Mkewe akarudi akikausha mikono kwenye kanga. Akatazama meza, akatazama viti.

"Nani anaanza?" akauliza.

"Wewe."

"Na mlangoni kwako una nani?"

"Sina mtu," akasema Ratili.

"Hata mimi," akasema mkewe, akakaa.